Herufi Tisa

Jina lako lilinimaliza uzi, Orest Wasylenko.
Herufi tisa, bega hadi bega,
kama kamba ya kuanikia nguo,
na mgongo wenyewe haukuwa mpana kiasi hicho.
Mimi nimezoea akina Hudák, akina Bielik,
watu wa kushonwa kabla chai haijapoa.

Ulishuka Kežmarok mwezi wa Novemba, beki wa kukodi,
miaka thelathini na sita, begi moja, magongo matatu,
goti limefungwa kama kifurushi cha posta.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
wewe jembe ulipewa ungali umevaa koti.
Rudo, mnoa makali ya viatu, aliitazama miguu yako
akasema: huyu kacheza kila mahali ila kwao.

Ulinihesabia, siku ile nikishona kiwiko cha jezi:
Saskatchewan, kijiji cha ngano na ghala moja,
baba akimwaga maji uani usiku
ili asubuhi uamkie uwanja.
Kisha Toledo. Kisha Boise. Kisha mji fulani wa Alabama
ambako watu walikata tiketi wapate kupoa tu.
Kisha Kassel, kisha Ljubljana,
kisha klabu ya Denmaki iliyofilisika kabla ya Krismasi
ikakulipa kwa sardini.
Sardini?
Makopo mia mbili, ulisema.
Mke wangu wa wakati ule hakucheka.

Na ligi kuu? Nikauliza, maana kila mtu huuliza.
Usiku mmoja, Winnipeg.
Mwenye nafasi alikuwa na matumbwitumbwi.
Dakika sita na sekunde kumi na moja.
Hukufunga, hamkufungwa ulipokuwa ndani.
"Sikuharibu kitu," ulisema,
kama mtu aliyelazwa kwenye kitanda cha wenyewe
akaamka mapema akakitandika.

Miaka ishirini na miwili nimeshona chini ya jukwaa
nikiijua hoki kwa vishindo vya darini.
Usiku sindano ilipovunjika, nikapanda kutazama.
Wenzako walikuwa wanne, wale watano.
Yule mrefu wa Zvolen akainua gongo,
nawe ukajilaza mbele ya kile kisahani cheusi
taratibu, ubavu kwanza,
kama mtu anayelala kwake.
Nilisikia mlio. Si wa mbao.
Ukainuka. Watu wakampigia makofi golikipa.
Niliangalia kushoto na kulia
nione kama kuna mwingine aliyeona.

Machi mkataba ukaisha, siku ya Jumanne.
Hakuna aliyetoa hotuba; basi la timu lilikuwa likinguruma.
Ulishuka ngazi ukishika ukuta,
jezi umeifua mwenyewe, umeikunja pembe nne.
Nikasema, ichukue, iwe kumbukumbu.
Ukasema, ninazo kumi na saba, Božena,
kabati ndilo sina.

Basi nimekufumua.
Klabu yetu haitupi kitu, kitambaa ni ghali,
na mvulana mpya anaitwa Koval.
K yako nimempa, na O, na A, na L.
V haikuwamo,
nikaichukua W nikaikata katikati.
Nusu ya pili iko koponi
pamoja na S, Y, E, N,
zinasubiri mtu.

Ila kitambaa hakisahau sindano.
Jina la Koval ni fupi, limekaa katikati,
na pembeni, huku na huku, hadi mabegani,
kuna vitundu vidogo vidogo
ambavyo kwenye taa ya chumba hiki
vinapitisha mwanga.
Jana mvulana aliivaa, akajigeuza kwenye kioo.
Akasema inamtosha.